Jinsi ya kulinda hela za matibabu ya watoto wenye ulemavu kabla hazijayeyuka kwenye bajeti

Wazazi wenzangu, hii ni ndefu kidogo naomba mnivumilie, maana mimi haya mambo nilichelewa kuyajua na aliyeumia ni mwanangu.

Kliniki ya fizio (tiba ya mazoezi ya viungo) tuliyokuwa tunaenda ilikuwa mara mbili kwa wiki. Ikawa mara moja. Ikawa kila baada ya wiki mbili, alafu siku moja tumefika tunaambiwa mtaalamu kahamishwa, rudini nyumbani mtapigiwa simu. Hakuna tangazo lililotoka, hakuna mtu aliyesimama akasema tumepunguza hela za hawa watoto, na ukimuuliza yeyote pale anakwambia huduma ipo. Ilinichukua karibu mwaka mzima kuja kujua kwamba kile kifungu cha bajeti kilichokuwa kinalipia kliniki kilishaunganishwa na kifungu kingine kikubwa kinaitwa huduma nyingine za tiba, na hela ikishaingia mle hakuna anayeweza kukwambia tena ngapi ni ya fizio na ngapi ni ya nini. Miguu ya mwanangu ilishakaza wakati huo.

Kwaiyo kitu cha kwanza nataka mkishike ni kwamba hela za watoto wetu mara nyingi zinapotea kimya kimya, kifungu kinabadilishwa jina, nafasi ya mtaalamu aliyestaafu haijazwi, hela imeandikwa lakini haijatumwa. Ndo maana kusubiri mpaka usikie kwenye habari kwamba bajeti imepunguzwa ni kuchelewa. Inabidi uijue hela yako kwa jina lake, uifuate kila inapohama.

Anza na mtoto wako, sio na bajeti

Chukua daftari. Andika kila huduma ambayo mtoto wako anapata au alitakiwa apate: fizio, tiba kazi (kumfundisha mtoto shughuli za kila siku kama kula na kuvaa), tiba ya kuongea, dawa za kifafa, viatu maalum, kiti mwendo, mashine ya kusikia, kipimo cha macho, upasuaji, mtu anayekuja kumuona nyumbani, chochote kile. Alafu mbele ya kila moja uliza swali moja tu pale kliniki, hii inalipiwa na nani? Uliza kwa upole, uliza mhasibu, uliza mkuu wa idara, uliza hata yule dada wa mapokezi maana wao ndo wanajua fomu zinakwenda wapi. Utashangaa. Mshahara wa mtaalamu unatoka wizara ya afya, kiti mwendo kinatoka ustawi wa jamii, tiba ya kuongea shuleni iko elimu, plasta na dawa zinatoka kwenye mapato ya hospitali yenyewe, na kuna kimoja au viwili vinalipiwa na mfadhili ambaye mradi wake una tarehe ya kuisha. Hiyo ya mfadhili izungushie kalamu nyekundu, uliza mradi unaisha lini na baada ya hapo nani anachukua. Kama jibu ni hatujui basi hapo ndo pa kuanzia kazi, maana hela ya mfadhili ikikatika ghafla serikali haiwezi kuziba pengo kama haikuliweka kwenye mpango mapema.

Wazazi watano wakifanya hivyo kwenye kliniki moja mnakuwa na ramani ambayo hata maofisini hawana. Sisi tulifanya kwenye grupu la WhatsApp, kila mtu akatuma picha ya ukurasa wake, dada mmoja anayejua Excel akaziweka pamoja, ikatoka jedwali la kurasa mbili na lile jedwali ndo limetufungulia milango mingi kuliko kitu kingine chochote tulichowahi kufanya.

Sasa tafuta makaratasi

Bajeti ni karatasi ya umma, nchi nyingi zinaiweka mtandaoni na nyingi zina sheria ya haki ya kupata taarifa, maana yake unaweza kuandika barua ukaomba na ofisi inatakiwa ikujibu ndani ya siku zilizotajwa kwenye sheria. Omba kwa maandishi, weka tarehe, baki na nakala iliyogongwa muhuri. Usiombe "taarifa za watoto wenye ulemavu", watakupa hotuba. Omba kitu chenye umbo: kiasi kilichopangwa, kiasi kilichotolewa na kiasi kilichotumika kwa huduma za utengamao (ndo fizio, tiba kazi, tiba ya kuongea na vifaa saidizi) kwa miaka mitatu iliyopita, kwa kila kituo.

Hizo namba tatu ndo moyo wa kazi yote. Kilichopangwa ni ahadi. Kilichotolewa ni hela iliyofika kweli, na kilichotumika ni kazi iliyofanyika. Ukiona kilichopangwa kiko palepale kila mwaka lakini kilichotolewa ni nusu, tatizo lako haliko bungeni wala kwenye baraza, liko hazina, na kwenda kupiga kelele kwa mbunge aongeze bajeti haitasaidia, ataongeza kwenye karatasi na hela haitakuja. Ukiona kilichotolewa kimefika chote ila kilichotumika ni kidogo, hapo uliza kwanini hela imerudishwa, mara nyingi ni kwa sababu manunuzi yalichelewa au mtaalamu hayupo, na hii ni hatari kuliko unavyodhani kwa sababu mwaka unaofuata watasema si hamkuzitumia, basi hamzihitaji. Nimesikia hiyo sentensi kwa masikio yangu kwenye kikao.

Alama nyingine za kuangalia: namba ambayo haijabadilika miaka mitatu wakati bei za vitu zimepanda, hiyo imepungua hata kama inaonekana ileile. Kifungu kilichokuwepo mwaka jana na mwaka huu hakipo. Kifungu kilichobadilishwa jina likawa pana zaidi. Mishahara ipo lakini hela ya vifaa ni sifuri, yaani mtaalamu analipwa akae kwenye chumba kisicho na kitu. Vifaa vipo ila hakuna hela ya matengenezo wala ya kuwafuata watoto wa mbali ambao hawawezi kufika hospitali. Ukikuta moja ya hizi piga picha kurasa zote mbili, ya mwaka jana na ya mwaka huu, ziweke pembeni kwa pembeni, hiyo picha inaongea yenyewe.

Wahi

Hapa ndo wengi wetu tunapigwa. Bajeti ina mzunguko wa hatua nne, inaandaliwa na watu wa serikali, inajadiliwa na kupitishwa na wawakilishi, inatekelezwa, alafu inakaguliwa. Sisi tunajitokeza siku inaposomwa hotuba kwa sababu ndo siku yenye kamera, na siku hiyo kila kitu kimeshakaa mahali pake. Ukomo wa kila idara, yaani kiwango cha juu cha hela inachoruhusiwa kupanga, unapangwa miezi mingi kabla na mtu anayeujaza ni ofisa mmoja wa mipango ambaye hajawahi kuona mtoto mwenye mtindio wa ubongo akifanyiwa mazoezi. Huyo mtu ni muhimu sana kwako. Mtafute, muombe dakika 20, mpelekee lile jedwali wakati bado anaandika. Hatukasiriki naye, hatumpigii kelele, tunamrahisishia kazi, maana na yeye akiulizwa na bosi wake kwanini kifungu hiki kisikatwe anahitaji jibu la mstari mmoja na wewe ndo unampa huo mstari.

Kwaiyo uliza mapema mwaka wa fedha unaanza lini, rudi nyuma miezi kama sita hadi tisa, anza hapo. Na usisahau katikati ya mwaka, kuna bajeti ya nyongeza au marekebisho, hela zinahamishwa toka kifungu hiki kwenda kile, na vifungu vidogo visivyo na mtu wa kuvisemea ndo vinaliwa kwanza.

Jenga hoja ambayo haivunjiki

Wengi tunaenda na machozi tu. Machozi ni ya kweli na mimi nimelia ofisini kwa watu zaidi ya mara moja, lakini mtu wa hazina akikuonea huruma leo kesho anapata barua nyingine kumi za watu wenye shida. Kinachombana ni kuelewa kwamba mtoto anakua, na kwa mtoto anayekua huduma ikikatwa leo huwezi kuja kuirudisha mwakani ukaikuta pale ulipoiacha. Hoja hii ishike vizuri, ina mifano ya kweli.

Mtoto aliyezaliwa na miguu kifundo (nyayo zimepinda kwa ndani), njia inayotumika sehemu nyingi duniani ni ile ya daktari Ignacio Ponseti, anawekwa plasta ngumu kama ya mfupa uliovunjika, inabadilishwa kila wiki, kwa kawaida tano mpaka saba, wengi wanakatwa kidogo kano ya kisigino, alafu anavaa viatu vyenye fimbo katikati karibu muda wote kwa miezi mitatu na baadae usiku tu mpaka afike kama miaka minne. Vile viatu havina gharama ukilinganisha na upasuaji. Lakini angalia kwenye bajeti, plasta ipo chini ya vifaa tiba kwaiyo ina ulinzi, viatu viko kwenye vifaa saidizi ambavyo ndo vya kwanza kukatwa, na mtoto asipovaa viatu mara nyingi mguu unarudi kupinda. Maana yake ukikata kile kidogo umetupa hela yote uliyoshaitumia kwenye plasta, na mtoto anaweza kurudi mezani kwa upasuaji mkubwa. Hoja ya namna hii mwambie mtu wa fedha kwa maneno hayohayo, anaielewa haraka kuliko hoja ya haki.

Mwingine ni wa Uswidi. Mwaka 1994 kusini mwa ile nchi walianza kuwafuatilia watoto wote wenye mtindio wa ubongo kwa ratiba, wanapimwa na fizio, wanapigwa eksirei ya nyonga, ikionekana nyonga inaanza kutoka wanawahi. Kabla ya hapo karibu mtoto 1 kati ya 10 nyonga ilikuwa inachomoka kabisa. Baada ya mpango ikashuka chini ya mtoto 1 kati ya 100. Kikubwa kilichobadilika ni ratiba, watu wa kupima kwa wakati na eksirei, kisha kuwahi kutibu. Nyonga iliyochomoka mara nyingi ni maumivu ya muda mrefu, mtoto anaweza kushindwa hata kukaa vizuri, mama akashindwa hata kumbadilisha nguo bila mtoto kulia. Kliniki ikikatwa kutoka mara mbili kwa mwezi ikawa mara moja kwa miezi mitatu, hicho ndo kinachokatwa.

Kusikia nako hivyohivyo. Wataalamu wana kanuni ya moja, tatu, sita: mtoto apimwe masikio kabla ya mwezi mmoja, kama kuna tatizo lithibitishwe kabla ya miezi mitatu, aanze kusaidiwa kabla ya miezi sita, kwa sababu lugha inajengeka mapema. Mwaka mmoja wa "bajeti imebana" kwa mtoto huyu ni mwaka wa lugha aliyoikosa.

Na kama wanakwambia kumhudumia mtoto nyumbani au karibu na nyumbani ni ghali, kuna kisa cha Katie Beckett wa Marekani. Alizaliwa 1978, akiwa bado mchanga akapata ugonjwa wa ubongo akabaki anategemea mashine ya kupumulia, akakaa hospitali mpaka akapita miaka mitatu. Madaktari walisema anaweza kurudi nyumbani na gharama ingekuwa ndogo mno kuliko ya hospitali, lakini sheria ya mpango wa afya wa serikali ilikuwa inalipia akiwa amelazwa tu, akirudi nyumbani kipato cha wazazi kinahesabiwa na anaondolewa. Mama yake hakunyamaza, alisukuma mpaka Novemba 1981 rais Ronald Reagan mwenyewe akakitaja kisa hicho mbele ya waandishi wa habari, mtoto akaruhusiwa, na 1982 likawekwa kwenye sheria ili majimbo yaweze kuwahudumia watoto kama yeye wakiwa kwao. Kilichomsaidia mama yule ni kwamba alikuwa na namba mbili tu, gharama ya hospitali na gharama ya nyumbani. Nawe tafuta namba zako mbili.

Namba zako unazipata wapi? Kwenye daftari. Kila mzazi aandike tarehe aliyoenda akakosa huduma na sababu aliyopewa, umbali aliotembea, muda aliosubiri kiti mwendo toka siku ya kupimwa mpaka siku ya kupewa (na kama alipopewa kilikuwa kimeshakuwa kidogo, maana watoto wanakua, andika hilo kwa herufi kubwa). Miezi mitatu ya kuandika inatosha. Usiongeze chumvi hata kidogo, ukikamatwa na namba moja ya uongo zote zinatupwa.

Watakwambia pia hawa watoto ni wachache. UNICEF mwaka 2021 walisema duniani kuna watoto karibu milioni 240 wenye ulemavu, yaani kama 1 kati ya 10. Tatizo ni kwamba wengi hawapo kwenye rejista ya kliniki, na hawapo kwa sababu huduma haipo.

Sheria itumie kama nguzo, usiigeuze rungu la kuanzia

Ijue tu ili ukibanwa uwe nayo. Mkataba wa haki za mtoto wa 1989 una kifungu cha 23 kinachomhusu mtoto mwenye ulemavu. Mkataba wa haki za watu wenye ulemavu wa 2006, kifungu cha 25 kinasema huduma za afya ziwe karibu na watu wanapoishi, vijijini pia. Na kuna waraka ambao wengi hawaujui, kamati ya haki za mtoto ya Umoja wa Mataifa mwaka 2016 ilitoa maelezo namba 19 kuhusu bajeti za serikali, mle wanasema hata nchi ikiwa na hali mbaya ya uchumi kurudisha nyuma huduma kufikiriwe tu baada ya kupima njia nyingine zote, na watoto wawe wa mwisho kuguswa, hasa walio kwenye mazingira magumu. Hiyo ya "wa mwisho kuguswa" nimeinukuu kwenye kila barua niliyoandika.

Barua na kikao

Barua iwe ukurasa mmoja. Ombi moja. Hapa wengi tunakosea, tunaomba vitu kumi na moja tunaondoka na sifuri. Sisi yetu ilikuwa hivi: "Tunaomba kifungu cha huduma za utengamao kwa watoto kirudishwe kama kifungu kinachojitegemea kwenye bajeti ya mwaka ujao, kwa kiasi kisichopungua kile cha mwaka kabla hakijaunganishwa, na taarifa ya hela zilizotolewa ibandikwe kliniki kila robo mwaka." Basi. Chini yake jedwali, chini yake majina ya wazazi waliokubali kutaja majina.

Nendeni watatu au wanne, mmoja aongee namba, mmoja aeleze siku moja ya maisha na mtoto wake, mmoja aandike kila kinachosemwa na nani kakisema. Kabla ya kutoka rudieni kwa sauti alichoahidi na tarehe, alafu jioni hiyohiyo mtumie barua au meseji ya kushukuru yenye yale mliyokubaliana, hiyo ndo kumbukumbu yenu. Kama kuna kijana mwenye ulemavu anayeweza na anayetaka kuongea, aongee yeye, kwa njia yake, kwa ishara au kwa kibao cha picha, na mpeni muda amalize.

Kuhusu picha za watoto, tafadhali sana. Usimpige mtoto picha akiwa na nepi au akiwa analia ili watu waone huruma, atakua na ile picha itakuwa bado ipo. Muulize kama anaelewa, na kama haelewi jiulize wewe ungependa uonekane hivyo.

Na walindeni wataalamu. Fizio wenu anajua kila kitu kuhusu hela ilikokwama lakini akionekana ndiye aliyewapa atahamishwa kesho. Msimtaje, msitume skrinshoti za meseji zake, ombeni taarifa ileile rasmi kwa barua hata kama tayari mnayo.

Kitu kingine kinachoniuma ni pale tunapogawanywa. Unaitwa ofisini unaambiwa hela ipo ila ni ya usonji au ya mtindio wa ubongo, chagueni. Msichague. Kubalianeni mapema kabisa kwamba jibu la kila mmoja wenu, wa mgongo wazi, wa viziwi, wa kifafa, ni lilelile, kwamba mnasemea kifungu kizima, kwa sababu leo ukishinda wewe kwa kumkosesha mwenzio mwakani na wewe utakoseshwa hivyohivyo.

Ikishapitishwa

Bajeti ikipita na kifungu kikarudi, kila baada ya miezi mitatu mmoja wenu aende kuulizia hela iliyotolewa, andikeni. Hesabuni siku ambazo mtaalamu yupo. Nendeni stoo muulize vifaa vilivyoingia, wakikataa andika kwamba wamekataa na tarehe. Ripoti ya mkaguzi wa hesabu za serikali ikitoka tafuteni jina la hospitali yenu mle ndani, kuna wakati mkaguzi ameshaandika kitu ambacho nyie mmekihangaikia miaka miwili na hakuna aliyekisoma.

Na kama tayari wamekata msikae kusubiri mwaka mpya, nendeni kwenye bajeti ya nyongeza na ombi dogo ambalo linawezekana ndani ya miezi michache, kwa mfano kujaza nafasi moja ya mtaalamu au kununua viatu vya watoto walio katikati ya matibabu ya miguu, hao hawawezi kusubiri. Wakati huohuo wapeni wazazi zoezi la nyumbani lililoandikwa na fizio ili watoto wasikaze huku mnapigania, ila msikubali mtu aseme sasa wazazi wanafanya wenyewe kliniki haihitajiki, zoezi la nyumbani bila mtu wa kulirekebisha kadri mtoto anavyokua linaweza hata kumuumiza.

Kifungu chetu kilirudi baada ya mwaka mmoja na nusu, na hela haikuwa yote tuliyoomba. Jumanne iliyofuata kliniki ilipofunguliwa tulikuwa pale wazazi tisa na watoto na lile daftari, ukurasa mpya, tukaandika tarehe, jina la mtaalamu aliyekuwepo, na idadi ya watoto waliohudumiwa siku hiyo.